Vifaa vya bei rahisi: kipi ninunue, kipi nisiguse?

PlotiYaUmoja

Hamjambo mafundi. Nimeanza kutunza ploti ya nyumba 24 hapa Umoja: orofa nne, ukuta wa mawe ya mashine, slabu na linta za zege. Mwenye nyumba ametoa shilingi 15,000 za kununulia vifaa, na hakuna nyongeza mpaka mwisho wa mwaka. Kazi zinazojirudia ni kutoboa ukuta wa fimbo za pazia na rafu, mifereji na paipu za PPR (plastiki inayounganishwa kwa moto) zinazovuja, kufuli na bawaba, vyuma vya dirisha vilivyoliwa na kutu, na mara moja moja swichi au soketi iliyovunjika.

Nikizunguka mjini naona drili moja inauzwa mara tano ya nyingine na zote zimeandikwa wati 800. Seti ya spana yenye vipande zaidi ya 100 inauzwa bei ya spana tatu za maana. Wengine wananiambia rahisi ni ghali. Wengine wanasema nianze na vya rahisi, kitakachovunjika ndicho nikinunue kizuri. Naomba njia ya kuamua, kifaa kwa kifaa. Asanteni.

---

MsumenoNaTupa

Karibu ndugu. Huo ushauri wa kuanza na cha rahisi ni mzuri kwa nusu ya sanduku. Kwa nusu ya pili unaweza kukulaza hospitali. Kabla ya bei, jiulize kifaa hiki kikifeli mkononi kitafanya nini. Mwiko ukikatika shina, umepoteza dakika kumi na unanunua mwingine. Spana ikiteleza, imekula pembe za nati, na kazi ya dakika mbili sasa ni ya kukata kwa msumeno. Diski ya grainda ikipasuka, kipande kinakufikia usoni kabla hujapepesa jicho. Kwa vitu vya aina ya mwiko nenda na bei ya chini bila wasiwasi. Kwa vya aina ya spana kagua sana kabla ya kulipa. Kwa vya aina ya diski, bei ya chini usiitafute kabisa.

Kwa hiyo nunua rahisi nyundo (angalia tu kwamba mpini umepigiliwa kabari kichwani na hautikisiki), mwiko, klampu, bunduki ya silikoni, brashi za kazi chafu, mkasi wa PPR na fremu ya msumeno wa chuma. Fremu iwe rahisi lakini bledi isiwe rahisi. Tafuta iliyoandikwa HSS (chuma kinachovumilia joto la kukata) au ya baimeto (metali mbili zilizounganishwa), meno 24 kwa inchi kwa chuma cha kawaida na 32 kwa paipu nyembamba, na uifunge meno yakitazama mbele. Bledi laini inapoteza meno kwenye chuma cha kwanza, halafu mtu analaumu mkono wake.

Sasa drili, maana ndiyo itakayokula pesa yako. Ukuta wako una vitu viwili tofauti. Mawe ya machimbo kama ya Ndarugo ni laini. Ukiyatoboa kwa pigo, yaani drili ikigonga huku inazunguka, tundu linapanuka na plagi ya plastiki inazunguka ndani bila kushika. Hapo unazima pigo na kutumia mzunguko peke yake. Lakini fimbo ya pazia huwekwa juu ya dirisha, na juu ya dirisha pana linta: zege, kokoto na nondo. Hapo ndipo drili ya kawaida inapopiga kelele na kunuka moto, na baada ya dakika tano umeingia sentimita moja.

Sababu iko ndani ya mashine. Drili ya pigo ya kawaida ina sahani mbili za meno zinazosuguana, kwa hiyo pigo lake linategemea unavyosukuma kwa bega. Ya SDS-plus ina pistoni inayobana hewa, na hewa ndiyo inayogonga. Wewe kazi yako ni kuishikilia inyooke. Kwenye linta, SDS-plus ya bei ya chini itaishinda drili ya kawaida ya bei ya juu kila mara. Hizo wati usizifuate, ni stima inayoingia, hazikuambii kazi inayotoka. Soma kibandiko utafute nguvu ya pigo kwa joule. Joule 2 hadi 3 zinatosha matundu ya milimita 6 hadi 12. Hakikisha ina kitufe cha kuzima pigo, la sivyo hutaiweza kwenye mawe laini.

Mashine hizi za rahisi zinaharibika kwa mpangilio unaojulikana. Brashi za kaboni (vipande vinavyopeleka stima kwenye mota) zinaisha kwanza, halafu swichi, halafu beringi inaanza kulia. Brashi kuisha si ugonjwa, zimeundwa ziishe. Zikibaki milimita 5 au 6 unazibadilisha. Ukiendelea nazo mpaka mwisho, springi yake inakwaruza komyuteta (sehemu ya mota inayosuguana na brashi) na hapo mota imekufa kwa sababu ya kipande cha bei ya chai. Kwa hiyo dukani angalia kama kuna vifuniko viwili vya brashi pembeni mwa mwili, vinavyofunguka kwa bisibisi, na uulize jozi ya akiba. Mashine inayotaka kupasuliwa mwili mzima ili ubadilishe brashi, iache.

Na hapa ndipo wengi wanapokosea: wanamaliza pesa kwenye mashine, kisha wananunua biti za rahisi. Fanya kinyume. Kinachogusa kazi ni biti. Biti ya zege ina kipande cha kabaidi kichwani kilichounganishwa kwa shaba. Kiangalie kwa karibu: muunganisho usiwe na vishimo, na kipande kitokeze kidogo kupita unene wa shina pande zote mbili, maana ndicho kinachofungua njia. Chukua tatu tu nzuri, 6, 8 na 10, badala ya kisanduku cha kumi na tatu. Paka grisi kidogo kwenye shina linaloingia drili. Ukisikia mlio umebadilika kuwa mkali na vumbi jeupe limekoma, umefika kwenye nondo. Toa biti, sogea sentimita tatu kando. Ukilazimisha, kabaidi inapasuka.

Kwa vyuma ni vivyo hivyo. Biti za rahisi zilizopakwa rangi ya dhahabu mara nyingi ni chuma cha kaboni. Hicho huanza kulainika joto likipita nyuzi 200 hivi, wakati HSS ya kweli inavumilia hadi karibu 600. Ukiona ncha imekuwa buluu, biti hiyo imekwisha. Zungusha pole pole: biti ya milimita 10 kwenye chuma laini inataka kama mizunguko 800 kwa dakika, ya milimita 3 inavumilia 2,500. Tone la mafuta kila mara.

---

FundiStimaEastlands

Niruhusuni niingie kwenye stima, maana hapa ndipo ningependa ndugu asiweke akiba hata ya shilingi mia.

Zaidi ya kubadilisha swichi iliyovunjika, mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Hata kwa hiyo swichi, usiamini tesita ile ya taa ndani ya bisibisi. Inategemea mkondo mdogo unaopita mwilini mwako. Ukiwa umesimama kwenye ngazi ya mbao na viatu vya raba inaweza isiwake, na waya una volti 240.

Multimita za bei ya chini kabisa zinafaa kupima betri, fyuzi na waya uliokatika. Usizipeleke kwenye ukuta. Zina shimo la ampea 10 ambalo mara nyingi halina fyuzi yoyote, au lina fyuzi ndogo ya kioo. Mtu akisahau waya mwekundu kwenye shimo hilo kisha agusishe kwenye soketi, ameunganisha laini na nyutro moja kwa moja. Fyuzi ya kioo haizimi moto huo, inapasuka na moto unaendelea ndani ya mita aliyoishika. Fyuzi nzuri ni ya kauri, imejazwa mchanga ndani, na mchanga ndio unaouzima. Kwa soketi za nyumba tafuta mita iliyoandikwa CAT II (daraja la usalama) au zaidi, na kwa bodi ya fyuzi CAT III, volti 600. Lakini maandishi yanachapwa na yeyote, kwa hiyo mwombe muuzaji afungue kifuniko cha nyuma. Ukiona fyuzi nyembamba ya kioo chini ya maandishi ya CAT III, rudisha. Kuna jibu la bei nafuu pia: mita isiyo na shimo la ampea kabisa. Kwa kazi zako huhitaji kupima ampea.

Utaratibu ni huu. Zima kwenye bodi. Pima mahali unapojua pana stima, uone mita inasoma. Pima hapo unapotaka kufanyia kazi, laini na nyutro, laini na ardhi, nyutro na ardhi. Kisha rudi pima tena pale penye stima. Hatua ya mwisho watu huiruka, na ndiyo inayokuambia kwamba mita haikufa katikati.

Bisibisi na koleo za "1000V": zilizo halali zina alama ya pembetatu mbili na maandishi IEC 60900. Shika plastiki iliyofunika shina la bisibisi uizungushe. Ikizunguka peke yake ni mrija umevalishwa tu, haikulindi.

Kitu cha mwisho ni ekstensheni. Kwaruza ncha ya waya kwa kisu. Shaba ya kweli ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona weupe chini ya wekundu ni alumini iliyopakwa shaba, na hiyo ikiandikwa milimita 1.5 za mraba haibebi mzigo wa shaba wa kipimo hicho. Inapata moto kwenye viungo, plastiki ya plagi inalainika, pini inageuka kahawia. Nunua waya wa shaba wa 1.5 kwa mita, plagi na soketi za maana, uiunge mwenyewe. Na kama unaitumia kwenye mashine, ifungue yote chini. Ikibaki imeviringishwa inajipasha moto yenyewe.

---

MtumbaWaVyuma

Hamjataja njia ambayo Nairobi tunayo na inafaa kuliko hizo mbili za rahisi na ghali: mtumba, na vya jua kali.

Spana, koleo, paipu renchi na vaisi za mtumba kutoka nje ukizipata Gikomba au kandokando ya Kirinyaga Road zinaweza kuwa chuma bora kuliko kipya cha bei hiyo hiyo. Kifaa cha chuma kilichofanya kazi miaka ishirini bila kupinda kimeshajipima chenyewe. Kutu ya juu si hoja, brashi ya waya na mafuta inaitoa. Angalia taya za spana kama zimefunguka: ingiza nati mpya ya kipimo hicho uone inavyocheza. Paipu renchi, angalia meno ya taya zote mbili kama yamebaki makali, na uzungushe nati ya kurekebisha mpaka mwisho. Vaisi, tafuta alama ya kuchomelewa. Chuma cha kumimina kikishapasuka na kuchomelewa hurudi kupasuka papo hapo.

Vya umeme vya mtumba ni hadithi nyingine. Grainda na drili nyingi kutoka maeneo ya ujenzi Uingereza ni za volti 110. Utazitambua kwa plagi ya manjano yenye pini tatu za mviringo. Kule zinatumia transfoma, kwa ajili ya usalama. Muuzaji akikata plagi hiyo na kuweka ya pembe nne, huna tena dalili isipokuwa kibandiko. Ukiichomeka kwenye 240 inazunguka kwa kelele sekunde chache, kisha moshi. Za kutoka Japani ni volti 100. Soma kibandiko mwenyewe: kiwe na 220 hadi 240 V, 50 Hz. Kibandiko kimekwanguliwa? Usiichukue.

Za betri za mtumba ziache, utakuwa unanunua betri iliyokufa. Na kwa mpya za rahisi zilizoandikwa 48V, 88V na zaidi, fungua pakiti ya betri au uliza idadi ya seli kwenye mstari. Seli moja ya lithiamu ni volti 3.6, na ikijaa ni 4.2. Seli tano ni 18, zikijaa 21. Nyingi za hizo "88" zina seli tano tu. Si lazima iwe mbaya kwa kufunga skurubu za bawaba, lakini ujue unalipia 18.

Tindo na mitaimbo nunua Kamukunji. Uliza imefuliwa kutoka chuma gani. Ya springi ya gari inashika makali. Ya nondo inapinda ncha kwenye zege siku ya kwanza. Pitisha tupa kwenye ncha: ikiteleza ni ngumu, ikikata kama inakata jibini ni nondo. Kichwa kinapogongwa kinatakiwa kiwe laini kuliko ncha, na kikianza kufunguka kama uyoga kisage, maana vile vipande vya pembeni huruka.

---

ProboxKijivu

Naongeza swali hapo kwenye spana. Hizo seti za vipande 100 na zaidi kwa gari la kawaida la Kijapani zinafaa?

---

SpanaKumi

@ProboxKijivu hapana, kwa sababu vipande vingi hutavigusa. Kwa Toyota kama Probox utaishi kwenye milimita 8, 10, 12, 14, 17, 19, na 21 ya nati za magurudumu. Kati ya hizo 10, 12 na 14 ndizo zitakazofanya kazi kubwa. Nunua hizo tatu nzuri, spana na boksi, halafu zilizobaki ziwe rahisi bila shida.

Boksi iwe ya pembe sita ndani. Ya pembe kumi na mbili inashika nati kwenye ncha za pembe, na nati yenye kutu au iliyokwisha kidogo inamenyeka. Ya pembe sita inasukuma ubavuni. Neno Cr-V limechongwa hata kwenye vitu visivyo na kromu wala vanadiamu, kwa hiyo beba bolti ya milimita 10 mfukoni uende nayo dukani. Vaa boksi juu yake, zungusha kwa vidole huku na huku. Mchezo mdogo ni wa kawaida. Ukiona inageuka sana kabla ya kushika, hiyo itakula nati.

Racheti ya rahisi hufeli kwenye kidole kidogo kinachoshika gia ndani. Usiitumie kufungua nati iliyokwama, wala usiongeze paipu kwenye mpini. Kufungua, tumia mpini mrefu usio na gia, racheti iwe ya kuzungushia tu. Nati za magurudumu zikishafunguliwa rudisha kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), karibu Nm 103 kwa Toyota ndogo nyingi, usikanyage kwa mguu.

Na jeki: hata ikiwa ya bei ya juu ni ya kuinulia. Kuingia chini ya gari ni stendi mbili, zimekaa kwenye zege au ubao mnene, si kwenye lami iliyolainika na jua. Stendi hizo usizitafute kwa bei.

---

SeremalaNgara

Kwa ufupi tu kwa vipimo. Vya rahisi vinafaa kama vikipita mtihani dukani, na mtihani ni bure. Pimamaji: iweke kwenye kaunta, soma kiputo, igeuze mwisho kwa mwisho mahali pale pale. Kiputo kikikaa sehemu tofauti, inadanganya. Skwea: chora mstari kutoka ukingo ulionyooka, igeuze, chora mwingine kutoka nukta ile ile. Mistari ikiachana, rudisha. Tepu: ndoano ya mwisho *inatakiwa* kucheza, kiasi cha unene wake wenyewe, ili kipimo cha ndani na cha nje kilingane. Wengi huigonga isicheze wakidhani imeharibika. Tafuta alama ya II kwenye utepe. Daraja hilo linaruhusu kosa la milimita 1.3 katika mita 5, linatosha mlango na rafu.

---

BombaNaMaji

Ndugu wa Umoja, mashine ya kuunganisha PPR. Ya rahisi inaweza kukufaa, lakini ipime kabla ya kuipeleka kwenye nyumba ya mtu, kwa sababu kiungo kibaya hakivuji leo. Kinavuja baada ya wiki, usiku, kwenye dari ya mpangaji wa chini.

Zinaharibika sehemu mbili. Ya kwanza ni joto. Kipimo kinachotakiwa ni nyuzi 260, na za rahisi hupanda na kushuka mbali na hapo. Ya pili ni ule utando mweusi au wa kijivu unaozuia plastiki kushika kwenye soketi za mashine. Ukimenyeka, plastiki inanata, inaungua, na kila kiungo kinachofuata kinabeba makapi. Safisha kwa kitambaa kikavu ingali na moto, usikwangue kwa kisu hata mara moja.

Jaribu hivi. Paipu ya milimita 20: weka alama milimita 14 kutoka mwisho. Subiri taa izime na kuwaka tena mara mbili ndipo joto litulie. Sukuma paipu na kiungo kwa pamoja, sekunde 5, toa, unganisha moja kwa moja bila kuzungusha, shikilia tuli, acha dakika 3. Paipu ya 25 ni milimita 16, sekunde 7. Kisha kata kiungo hicho kwa urefu na msumeno utazame ndani. Kiungo kizuri, huoni paipu inapoishia na kiungo kinapoanzia, na nje kuna pete mbili ndogo zinazofanana pande zote. Ukiona mstari, joto ni dogo au ulichelewa kuunganisha. Ukiona plastiki imejikunja ndani na kuziba njia, joto limezidi au ulisukuma kupita alama. Fanya vipande vitatu hivi, gharama yake ni paipu fupi na viungo vichache. Mashine ikikosa mara mbili kati ya tatu, irudishe siku hiyo hiyo.

---

PlotiYaUmoja

Asanteni sana, sikutegemea kupata haya yote. Sasa hesabu hainitoshi: SDS, biti, mita, mashine ya PPR, grainda, na spana. Nikipunguza kimoja kipunguzwe kipi?

---

MsumenoNaTupa

Grainda. Fikiria kazi yenyewe: chuma cha dirisha kilichooza ukikikata, lazima kingine kichomelewe mahali pake. Utamwita fundi wa kuchomelea, na huyo anakuja na grainda yake. Kwa kukata kufuli iliyokwama au bolti moja, msumeno wenye bledi nzuri unatosha.

Siku utakapoinunua, mashine yenyewe inaweza kuwa rahisi mradi ina ngao, mpini wa pembeni, na swichi inayozima bila kukwama. Diski usinunue rahisi. Ya milimita 115 iwe imeandikwa mizunguko 13,300 au zaidi kuliko ya mashine yako, na kwenye pete ya chuma katikati pamechongwa mwezi na mwaka wa mwisho. Gundi inayoshika diski huchoka ikikaa, na ikilowa ndiyo mbaya zaidi. Diski iliyoanguka chini itupe hata kama huoni ufa. Na usikubali mtu yeyote kwenye ploti yako atoe ngao ili avalishe diski ya 230 kwenye grainda ndogo. Inaingia, kwa sababu tundu la katikati ni moja, lakini kwa mizunguko 11,000 ukingo wake unakwenda karibu mita 130 kwa sekunde, na imeundwa kuvumilia 80.

Mashine ya PPR ni swali la hesabu. Uliza wanakodisha kwa siku bei gani mtaani kwako, uzidishe kwa siku utakazoihitaji kwa mwaka. Kwa nyumba 24 zenye paipu za zamani nadhani utainunua, lakini anza kwa kukodisha mwezi mmoja ujue idadi yako.

Mita na biti usivipunguze.

---

PlotiYaUmoja

Nimeelewa. Kesho naenda kuchukua SDS. Nikiwa kaunta nifanye nini kabla ya kutoa pesa?

---

MsumenoNaTupa

Mwambie aichomeke, kila duka la vifaa lina soketi. Kabla hajawasha, ingiza biti ndefu zaidi aliyonayo. Biti ya SDS huwa inacheza kidogo mbele na nyuma, hiyo ni sawa. Kucheza kushoto na kulia kwa wingi si sawa. Washa bila pigo, tazama ncha: ikichora duara kubwa hewani, jaribu biti nyingine, na ikiendelea basi ni kichwa cha mashine kimepinda. Iache izunguke dakika mbili, ukichungulia kwenye matundu ya hewa nyuma. Cheche ndogo za buluu kwenye brashi ni kawaida ikiwa mpya. Moto unaozunguka komyuteta kama pete si kawaida. Sikiliza ikizima: ishuke taratibu, isikwame ghafla. Gusa mwili karibu na gia, uvuguvugu ni sawa, usiwe moto wa kukuondoa mkono.

Swichi ibonyeze nusu, robo, yote, uone mwendo unafuata kidole. Vuta waya pale unapoingia mwilini, usisogee. Fungua vifuniko viwili vya brashi mbele yake, toa moja, uhakikishe inatoka na kurudi, kisha omba jozi ya akiba ya saizi hiyo hiyo iwekwe kwenye sanduku.

Halafu risiti. Aandike nambari ya mashine iliyo kwenye kibandiko, siyo "drili 1" tu, ili ukirudi nayo wiki ijayo asikuambie hiyo haikutoka kwake.